Shuka Linaloitwa la Okwi

Machi 19

Mimi, Silvano Okwi, ndiye mtu anayeushika mpaka huu wa Malaba usianguke. Sijigambi, naeleza tu. Nikipata homa siku mbili, foleni ya malori inafika Bungoma. Siku ya tatu Eldoret wanaanza kuulizana, "Kwani Okwi yuko wapi?" Kazi yangu ni kuongoza trela zinaporudi nyuma kuingia yadi, na kwa vidole viwili tu nimewahi kuingiza trela ya magurudumu ishirini na mawili mahali ambapo mbuzi alikuwa ameshindwa kugeuka. Mbuzi mwenyewe alisimama akatazama.

Daftari hili la kurasa tisini na sita nimeletewa na Nerima, binti wa dada yangu Brigid. Nerima anafanya kazi kwenye saiba, duka la intaneti, pale Funyula, anawajazia watu fomu za serikali. Ameniambia, "Anko, andika kila unachokumbuka kuhusu lile shuka. Weka tarehe. Na usifute kitu hata ukikosea, kwa sababu wakubwa wakiona umefuta watafikiri umetunga." Nikamwambia kurasa tisini na sita ni chache.

Basi wakubwa, kama mnasoma hapa, shuka lenyewe ni hili. Ni jeupe, lina korongo wawili wenye mataji, wamesimama pande mbili za suke la wimbi. Korongo wa kulia anatazama wimbi. Wa kushoto amegeuza shingo, anatazama nyuma yake. Linapigwa chapa kiwandani ng'ambo, Uganda, miaka mingi sasa, na ukitoka hapa Malaba hadi Port Victoria hutakosa kuliona kwenye kamba ya nguo ya mtu. Sokoni hawasemi "nipe shuka la korongo." Wanasema "nipe shuka la Okwi."

Okwi ni mimi. Nililichora mwaka wa 1998, kwa mkono huu huu wa kuongoza trela.

Machi 20

Mvua. Trela kumi na moja.

Machi 24

Nerima amekuja kwa boda akiwa amelowa mpaka magotini. Mke wangu Atyang akampa chai na leso ya kujifunga, halafu mtoto akaanza kunieleza sheria. Nilimwelewa haraka kuliko alivyotarajia, lakini naandika kwa faida ya wengine.

"Anko, mtu akitunga wimbo ama kitabu, ni chake mpaka afe, na hata akifa watoto wake bado wanaulizwa. Si ndio?"

"Hiyo naijua. Mimi nilisoma mpaka kidato cha pili."

"Darasa la saba," Atyang akasema kutoka jikoni.

"Kidato cha pili nilikuwa nasikilizia dirishani."

Nerima akacheka, akaendelea. "Sasa, mchoro ukishapigwa kwenye mashuka, ama sahani, ama thamosi, ukatolewa maelfu kwa maelfu, unachukuliwa kama bidhaa tu. Ulinzi wake ni wa miaka michache. Ikiisha, kila kiwanda kinautoa bila hata kumtaja aliyeuchora. Kuna mswada wa kubadilisha hiyo. Ukipita, mchoro utabaki wa mchoraji maisha yake yote, hata utolewe mara milioni. Kamati inakuja Busia tarehe kumi na mbili Juni kusikiliza watu. Nataka Mama aende."

Alisema "Mama." Halafu akaniangalia.

"Anahitaji mashahidi," akasema.

"Wa nini?"

"Wa kwamba ni yeye aliyechora."

Macho yake yakarudi kwenye kikombe. Kule Samia alikoolewa dada yangu, mtoto hamkanushi mjomba wake mbele ya mtu, hata kama mtu mwenyewe ni mke wa mjomba. Mjomba ndiye hubariki arusi yake. Mjomba akisimama kikaoni, wengine hukaa. Nerima angeweza kunimaliza kwa sentensi moja na hakuisema. Alimaliza chai, akakunja leso vizuri kama alivyopewa, akasema, "Wewe andika tu, Anko. Unachokumbuka."

Machi 25

Nimekaa na daftari mpaka kalamu ikakauka mdomo. Sikumbuki kitu leo.

Machi 29

Mvua ya tano mfululizo. Nguo hazikauki Malaba nzima. Nimehesabu mashuka saba ya korongo kwenye kamba moja nyuma ya lojing'i, nyumba ya wageni ya pale steji, yote yananing'inia yakitiririka. Korongo wa kushoto wote saba wananiangalia.

Aprili 3

Nerima alikuja kutafuta mashahidi. Amezunguka soko lote, amezunguka kwa kina mama wa kanisa, akafika mpaka kwenye chungu chetu cha ajon, pombe yetu ya wimbi, ambapo wazee wa yadi tunakaa mchana mvua ikizuia kazi, kila mtu na mrija wake.

"Nani alichora shuka la korongo?" akauliza kwa heshima, daftari mkononi.

Ekisa alitoa mrija mdomoni. Huyo Ekisa ni rafiki yangu tangu tukichunga ng'ombe, na kazi yake ni kufunga maturubai ya malori.

"Binti, unauliza maji kama yana maji? Ni huyu hapa! Msanii! Alichora kwa siku tatu bila kula. Kalamu ikaisha wino, akaendelea na damu ya kidole. Si ndio, Okwi?"

Hiyo ya damu niliiweka mimi mwaka wa 2006. Nilikuwa nimeisahau.

"Si ndio, Okwi?" akarudia.

Nikavuta ajon. Nilivuta kwa muda mrefu sana, mpaka Ekisa akasema wengine pia wana kiu.

Nerima aliandika, akafunga daftari, akashukuru kila mtu kwa jina. Watu wanane Malaba wameweka saini. Wanane wote wamesema ni mimi.

Aprili 4

Trela kumi na nne. Moja imegonga ukuta wa yadi. Dereva anasema mkono wangu ulisema "njoo" wakati mdomo wangu unasema "simama."

Aprili 15

Brigid amelazwa Nangina, kwenye hospitali ya misheni. Ni moyo. Miguu imevimba mpaka viatu vimemkataa. Nimetoka Malaba alfajiri, nimefika saa nne nikiwa na ndizi mbivu na mafuta ya kupaka.

Dada yangu ni mkubwa kwangu miaka sita. Alinibeba mgongoni. Leo nimemkuta mdogo kitandani, kama mtu amemwosha kwa maji ya moto akanywea. Lakini mdomo haujaumwa.

"Umeacha mpaka na nani?" akauliza.

"Nimeacha Rais anaushikilia kidogo."

"Basi rudi mapema, atachoka."

Kitanda cha pili alikuwa mama mmoja anaitwa Edinah, mtu wa Marachi, mnene, mcheshi, mguu umefungwa plasta. Wagonjwa wengi huja na mashuka yao kutoka nyumbani, na Edinah alikuja na lake. Nililiona kabla sijakaa. Korongo wawili, wimbi katikati.

"Unaangalia shuka langu, mzee?" akasema. "Hili linaitwa shuka la Okwi. Okwi wa Malaba. Na ni mwanaume alichora hii, unaamini? Mwanaume! Wangu mimi hajui hata kukunja soksi."

Nilitaka sakafu ifunguke. Nilimwangalia Brigid ili nijue nitafanya nini. Alikuwa anatabasamu.

"Ndiye huyu," akamwambia Edinah. "Ndugu yangu."

Edinah akapiga makofi mpaka muuguzi akachungulia. Akataka kunisalimia kwa mikono miwili. Akataka nimweleze kwa nini korongo wa kushoto anatazama nyuma. Swali hilo nimejibu mara mia mbili kwa maisha yangu, na kila mara jibu tofauti. Nimesema anamtafuta mke wake aliyebaki ng'ambo. Nimesema ameona polisi wa forodha. Kwa mapadri husema ni mke wa Lutu. Basi nikaanza: "Mama, siku hiyo nilikuwa nimekaa kando ya mto Malakisi, mara akaja korongo mmoja mrefu kuliko mimi..."

Ncha ya shuka la Edinah ilikuwa imeanguka mpaka karibu na kitanda cha dada yangu. Brigid alinyoosha mkono. Aliweka kidole kwenye jicho la korongo, halafu akashuka nalo, jicho, shingo, mgongo, mkia, miguu, bila kuinua kidole, polepole, kama mtu anayefuata njia ya kwao gizani akijua kila jiwe. Alifika kwenye wimbi akapumzika.

Nikasahau hadithi ilikuwa inaenda wapi. Sijawahi kusahau hadithi. Edinah akaniuliza, "Halafu?" Nikasema, "Halafu akaruka," nikaenda nje kununua maji ambayo hakuna mtu aliyeyataka.

Aprili 16

Trela tisa. Sijisikii kuandika.

Aprili 18

Wakubwa, huu ukurasa sijui kama Nerima atawapa. Tarehe 19 Machi niliandika kwamba mimi ndiye niliyechora. Nerima alisema nisifute, basi sifuti. Lakini ni uongo.

Mwaka wa 1998 Brigid alikuwa bado kwa mama, Amukura. Kina mama walikuwa wanamletea vitambaa vyeupe na yeye anachora kwa biro, halafu wao wanaenda kudarizi kwa nyuzi za rangi. Kitambaa alikitandika mezani, akaanzia jicho, na kalamu haikuinuka mpaka ndege ameisha. Mimi kazi yangu ilikuwa kushika pembe za kitambaa zisikunjamane. Nilishika vizuri, hiyo ni kweli kabisa.

Wakati huo nilikuwa navusha watu kwa baiskeli hapa mpakani. Siku moja Brigid alinipa shuka moja lililokwisha kudariziwa nimpelekee mteja Tororo. Mteja sikumkuta. Nikaingia kwa duka la tajiri mmoja wa nguo, nikalifungua mezani ili niringe kidogo. Tajiri akainama, akalitazama, akaita mke wake, akaita karani. Watu watatu wamesimama mbele yangu kimya. Akauliza, "Nani amechora hii?"

Nilikuwa na miaka ishirini na saba. Nilikuwa na baiskeli moja isiyo na breki. Hakuna mtu alikuwa amewahi kunyamaza kwa ajili yangu.

Nikasema, "Mimi."

Walinipa matoke, soda na kofia, wakaomba shuka "waliangalie" mpaka Ijumaa. Ijumaa duka lilikuwa limefungwa. Mwaka uliofuata mashuka yakaja sokoni kwa malori, na mimi nikasimama pale sokoni nimevaa kofia nikisema, "Mnaona hizo? Ni zangu."

Brigid nilimwambia shuka lilianguka mtoni.

Aprili 22

Nimemwambia Atyang. Tumeoana miaka ishirini na nne, na nilipomchumbia nilimpelekea shuka la korongo nikasema, "Hii ni kazi ya mikono ya bwana yako." Nilijitayarisha kwa kilio, au kwa mwiko.

Hakuacha hata kuchambua mboga. "Nilijua wiki ya kwanza," akasema. "Ulinichorea kwenye karatasi njia ya kwenda kwa mama yako. Nikatokea kituo cha polisi."

"Na hukusema?"

"Ningesema kwa nani? Ulikuwa umefurahi."

Aprili 25

Sasa sikilizeni mambo. Leo kwenye chungu nilisimama. Nikawaambia wote: "Lile shuka si langu. Ni la Brigid. Nilidanganya miaka ishirini na saba."

Ekisa akafuta macho kwa mgongo wa mkono.

"Mnaona mtu?" akasema. "Dada yake anaumwa, na yeye anampa jina lake. Jina lake! Okwi, nilikuwa nakuona mtu wa porojo tu. Kumbe una moyo."

"Ekisa, sikiza. Sijui kuchora."

"Na unyenyekevu juu!"

Wakaniongezea ajon. Mzee mmoja akanibariki kwa kunipulizia ya mdomoni mwake, namna wazee wetu wa Teso hubariki, ikaniingia jicho. Nimetumia nusu ya maisha yangu kuambia watu uongo na wakaamini kila neno. Leo nimewaambia ukweli wa kwanza na wamekataa.

Mei 2

Kina mama wa kanisa wamenitaja kwenye maombi. "Ndugu yetu Silvano, anayejitoa kwa ajili ya dada yake." Nilitoka kabla ya sadaka.

Mei 5

Mvua. Brigid ameruhusiwa kurudi kwake Funyula. Miguu imepungua kidogo.

Mei 11

Nerima amepiga simu. Aliongea na wakili mmoja, Bwana Mulama, anayeitayarishia kamati karatasi. Mulama amesoma saini zote. Mashahidi wanane wanasema Okwi. Barua yangu, niliyompa Nerima baada ya siku ile ya chungu, inasema Brigid. Akamwambia Nerima, bila ubaya, kwamba barua ya ndugu kwa dada mgonjwa ni barua ya upendo, na yeye ameona nyingi.

"Kwa hiyo ataandika nini?" nikauliza.

"Kama ni majina mawili, ataandika 'mchoraji hajulikani,' Anko."

Nilikuwa yadi, trela inanguruma mbele yangu, dereva anasubiri mkono. Nerima akasema, "Na mswada ukipita, mchoro wa mtu asiyejulikana utabaki wa kiwanda tu, kama ulivyo leo. Mama amesema si kitu. Amesema nisikusumbue." Halafu sauti yake ikabadilika. "Lakini kwangu mimi ni kitu, Anko. Nataka tu waandike jina lake mahali akiwa bado anaweza kulisoma."

Ni neno kubwa zaidi mtoto yule amewahi kuniambia. Nimemkubalia, liwe liwalo. Dereva alipiga honi mpaka kuku wakakimbia.

Mei 20

Nimekaa kwa Brigid mchana kutwa. Tulikaa barazani, mvua ikinyesha kama ukuta mbele yetu. Mkono wake wa kulia unatetemeka sasa. Chai anashika kwa mikono miwili.

Nilimwuliza, "Ulijua lini?"

"Kwamba shuka halikuanguka mtoni? Silvano. Ulirudi na kofia."

Tukacheka mpaka akakohoa. Nilimshika mgongo. Alipotulia nikasema, "Kwa nini hukunishika shingo sokoni mbele ya watu?"

Alifikiri. Dada yangu hajibu kitu mpaka akiangalie pande zote.

"Nilikasirika," akasema. "Usifikiri sikukasirika. Mwaka mzima sikushika biro. Halafu siku moja nikapita Malaba nikakuona umesimama kwa wale wanawake wa mashuka, unawaeleza habari ya korongo. Ulikuwa unaeleza vizuri kweli. Walinunua wote. Nikasema, huyu mjinga anampenda huyu ndege kuliko mimi. Mimi nilikuwa nimechora tu. Nikaenda zangu."

"Niambie basi. Kwa nini wa kushoto anatazama nyuma?"

"Kitambaa kiliisha."

"Nini?"

"Nilianza vibaya, karibu sana na pindo. Nikafika shingoni, kitambaa hakuna. Kalamu siinui. Nikamgeuza."

Miaka ishirini na saba ya mke wa Lutu na polisi wa forodha, na kumbe ni pindo.

Kabla sijaondoka nilimwambia, "Tarehe kumi na mbili utakuja Busia. Nitakubeba kama ulivyonibeba."

"Mgongo wako ule wa ajon?"

"Huo huo."

Juni 1

Siku kumi na moja. Trela kumi na mbili.

Juni 8

Ekisa ameuza habari mji mzima. Anasema Malaba itaenda Busia na magari mawili kushangilia msanii wao. Nimemwomba wasije. Amesema, "Unyenyekevu mwingine ni dharau, Okwi."

Juni 12

Naandika hapa hapa Busia, kwenye duka la chai nje ya ukumbi, kabla halijanitoka.

Ukumbi ulijaa. Walikuwepo wafinyanzi, mafundi wa vikapu, kijana anayechora picha nyuma ya malori, kina mama wa vitambaa. Wakubwa watano mezani, na Bwana Mulama pembeni, mwembamba, mpole, ana ubao wa karatasi kubwa zile za kufunua na kalamu nene nyeusi. Nerima alikuwa amempanga mama yake mstari wa mbele, amemfunika miguu kwa kitenge. Malaba walikuwa nyuma. Wamevaa nguo za kanisani.

Likaitwa jina la Brigid. Mulama akauliza, "Mashahidi?" Nikasimama mimi.

Nilikuwa nimetayarisha maneno, wakubwa, maneno ya kuangusha serikali. Nikasema, "Mimi ni Silvano Okwi, na shuka linaloitwa la Okwi sikulichora mimi." Nyuma wakapiga makofi. Ekisa akapaza sauti, "Mnyenyekevu!" Nikasema, "Nyamazeni, si unyenyekevu, nilimwibia." Wakapiga makofi zaidi. Mama mmoja alilia. Mulama akaweka kalamu chini na kunitazama kwa huruma, namna mtu anamtazama mlevi mzuri.

Halafu mvua ikaja. Ile ya Busia, inayoanza kama mtu amemwaga lori la kokoto juu ya mabati. Kipaza sauti kikakohoa kikafa. Nilifungua mdomo, sikujisikia mwenyewe. Nilipiga kelele, sikujisikia. Mtu ambaye mdomo ndio shamba lake, ndio ng'ombe wake, nimesimama mbele ya wakubwa wa nchi na mdomo haufai kitu. Nikageuka nikamwona Brigid. Hakuwa ananiangalia mimi. Alikuwa anaangalia kalamu nene mezani kwa Mulama.

Basi nikaenda nikaichukua.

Nilifunua karatasi safi, nikaanza. Nilianza kwenye jicho, kama yeye. Nikashuka shingo, na shingo ikawa nene, nikairekebisha, ikawa nene zaidi. Nikaweka mwili. Nikaweka miguu, mmoja ukatoka mbele. Nikasimama kando.

Sikusikia kicheko, kwa sababu ya mvua, lakini nilikiona. Kilianzia kwa wakubwa, kikaenda nyuma kama upepo kwenye mtama. Ekisa alisimama juu ya kiti akiunda mkono kama anayemimina chai. Alikuwa anasema, "Birika! Ni birika!" Nikajaribu tena kando yake. Wa pili alikuwa kama kuku aliyegongwa na boda. Mulama ameshika mdomo kwa mikono miwili. Na nyuma, kwa watu wa Malaba, uso mmoja mmoja, nikaona kicheko kinasimama na wanaanza kufikiri.

Nikararua karatasi nyingine, nikampelekea dada yangu na kalamu. Hakukuwa na meza ya kumfikia. Nikapiga magoti mbele yake, nikamgeuzia mgongo, nikainama. Nerima akaweka karatasi juu ya mgongo wangu, akashika pembe.

Kalamu ikagusa karibu na bega la kulia. Hilo ni jicho. Ilikuwa inatetemeka, niliisikia inatetemeka kupitia shati, lakini ikashuka. Shingo. Mgongo. Mkia. Mguu wa kwanza, wa pili, kidole kwa kidole. Haikuinuka. Ikapanda kwenye wimbi, punje kwa punje, ikinitekenya mbavu, na sikucheka, ikavuka kwenda kwa ndege wa pili. Nilikuwa naangalia sakafu. Sikuona kitu. Lakini niliona viatu. Viatu vya wakubwa vilikuja, jozi moja, mbili, tano, vikasimama kutuzunguka. Viatu vyeusi vya Mulama. Sandali za Ekisa, ambaye hakuruhusiwa kufika mbele. Karibu na mbavu za kushoto karatasi iliisha, nikasikia kalamu imefika pindo, ikasita, halafu ikageuka ikarudi.

Mvua ilikuwa bado. Mtu akaweka mkono kichwani kwangu, na mkono ulikuwa mwepesi na unatetemeka. Sikuinuka haraka.

Mulama aliandika kwa herufi kubwa juu ya ile karatasi ili wote waone bila kusikia: MCHORAJI: BRIGID AKITENG OKWARA, WA FUNYULA. Akamwinamia amsomee, kwa sababu ya kelele. Brigid akamsukuma taratibu pembeni, akasoma mwenyewe. Alisoma mara mbili.

Mswada haujapita. Mulama ametuambia wazi kwamba huenda ukapita, huenda ukakaa miaka, na kiwanda kina mawakili wake. Lakini kwenye karatasi za kamati jina ni moja.

Juni 14

Jua, la kwanza wiki nzima. Mashuka yapo kwenye kamba Malaba yote. Leo asubuhi mwanamke mmoja sokoni aliomba "shuka la Brigid." Muuzaji hakuelewa, ikabidi amwoneshe kwa kidole. Itachukua muda.

Nerima amekuja kuchukua daftari. Nimemwambia kurasa zote ni zake, hata ile ya Aprili 18. Aliisoma amesimama mlangoni. Halafu akapiga goti kunisalimia upya, namna binti wa Samia humsalimia mjomba wake, na mimi sikustahili, nikamwinua.

Yadi wamebadilisha hadithi tayari. Ekisa anasema nilichora lile birika kwa makusudi. Anasema fundi mkubwa ndiye peke yake anaweza kuchora vibaya namna ile, ili dada yake ang'ae. Wamenipa ajon kwa hilo. Hata Nerima ameniuliza, amesita kidogo, "Anko, ulifanya makusudi, si ndio?"

Nimemwambia ndiyo.

Daftari bado liko mkononi mwangu, yeye anakunywa chai na Atyang, basi naongeza mstari. Haikuwa makusudi. Nilibana pumzi. Nilitoa ulimi nje kidogo, upande mmoja. Na nilipokuwa namalizia shingo ya yule wa kwanza, kabla sijasogea kando kumtazama, nilifikiri anatoka vizuri.